Mwili wa Mama Mukubwa Wakati wa Vita

Siku tuliyosimamishwa kwenye kizuizi cha njia ya Fizi, yule mwenye bunduki hakuangalia mizigo yetu. Alimwangalia mama mukubwa. Alianzia shingoni, akashuka polepole hadi miguuni, kisha akacheka peke yake.

"Huyu mama anakula nini?" akawauliza wenzake. "Bantu bote banakauka, ye iko ananona."

Mama mukubwa alikuwa dada wa mama yangu. Mama alipofariki nikiwa bado natambaa, yeye ndiye aliyenichukua, akanilea mjini Baraka, kando ya ziwa, katika nyumba yake ya mabati nyuma ya soko. Hakuzaa. Mume wake alikufa kabla ya vita ya kwanza kufika kwetu, akamwachia shamba la michikichi, na kwa mafuta ya ile michikichi tuliishi. Tangu nipate akili nilimjua mnene, wa kujaza mlango. Kwetu hiyo ilikuwa sifa. Mwanamke akinenepa, watu husema ametulia moyoni, ametunzwa. Vita ilipoingia, sifa ile ikageuka kuwa balaa, kwa sababu kila mwenye silaha aliyemwona aliamini kuna chakula tumekificha mahali.

"Ni mwili wa ukoo, baba," alijibu. Alimwita baba kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. "Ata mama yangu alikuwa vile."

"Weka bidoni chini. Tembea, tuone."

Akatua bidoni, lile dumu la mafuta, akatembea. Sisi wengine tulikodolea macho vumbi. Alikwenda hadi kwenye gogo lililofunga barabara, akageuka, akarudi akihema. Aliponipita niliona doa nyuma ya kikwembe chake, jekundu, nalo lilikuwa linapanuka.

Nilidhani wamemchoma na kitu. Nikafungua mdomo, naye akanikaripia kwa macho. Nilivua kikwembe changu cha juu, nikamfunga kiunoni kama vile namtengenezea tu nguo yake. Wale watu wakachukua bidoni, wakatuachia njia.

Tulipofika kwenye kijito, akaingia majini na nguo zake.

"Ni nini, mama?"

"Ni woga," alisema. "Woga unaweza kufungua kila kintu."

Lakini woga ule ulipita na damu haikupita. Ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Mambo yake ya kila mwezi yalikuwa yamekwisha miaka mingi, nami nilikuwa nimekwisha kuanza ya kwangu. Alinificha kadiri alivyoweza, akifua vitambaa alfajiri na kuvianika ndani chini ya kitanda. Mtu wa pekee aliyemwambia ni jirani yetu, mjane mwenzake aliyeimba naye kanisani. Mjane alipiga magoti palepale jikoni akashukuru.

"Ujana unakurudilia," alisema. "Mungu hasahau muntu."

Tangu siku ile nilimwona mama mukubwa akibadilika. Alikuwa akichambua sombe, majani ya mihogo, anasimama, anaweka mkono juu ya tumbo lake. Mara moja aliniuliza, bila kuniangalia, kama nakumbuka yule mama wa katika Biblia aliyepata mimba akiwa muzee hata akacheka. Nilisema nakumbuka. Akaendelea na majani yake. Nilielewa, na moyo uliniuma, kwa kuwa sikujua niombe nini.

Mjane alisema damu inayotoka lazima irudishwe kwa chakula. Basi alikula. Watu wa mbali hushangaa nikiwaambia kwamba mtu aliweza kunenepa katika vita ile. Mihogo tulikuwa nayo nyuma ya nyumba, mafuta ni yetu wenyewe, na shambani hatukwenda tena kwa hofu ya waliokuwa wakishuka kutoka milimani. Tulijifungia ndani mchana kutwa, masikio yakiwa barabarani. Bugali, sombe inayoelea katika mawese, mukeke wa kukaanga katika visahani vya mjane, siku ambayo wavuvi wamethubutu kutoka. Akaketi, akala, akazidi kunenepa. Uso wake tu ndio ulikuwa umeanza kufifia, ukawa na rangi ya majivu.

Kisha risasi zikasogea hadi kwenye kilima cha karibu na mji, na Baraka nzima ikashika njia ya Mboko. Asubuhi ile nilijua uzito wa mwili ni nini. Watu walitupita wenye watoto mgongoni na magodoro kichwani. Mama mukubwa alitembea kidogo, akashika goti, akatembea tena. Nyuma yetu mlio ulikuwa haukatiki.

"Enda," aliniambia. "We uko na miguu. Mi nitafika."

"Siendi."

"Mutoto, minakwambia enda."

Nilimshika mkono nikamvuta. Akaja hatua chache, halafu akakaa chini kando ya barabara kama mtu aliyekatwa mishipa, na damu ikaonekana hadi kwenye visigino. Watu walizunguka pale alipokaa wakaendelea. Mmoja tu alisimama, infirmie, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu, mwanamke wa makamo aliyekuwa anakimbia na mfuko wa dawa begani. Alichuchumaa, akatandaza kikwembe chake kumsitiri, akauliza kwa sauti ya chini ilianza lini, mara ngapi, na kama mambo ya mwezi yalikuwa yamesimama kwanza.

"Yalisimama zamani," mama mukubwa alisema. "Sasa ujana unarudi."

Infirmie hakugeuka mlio wa bunduki ulipopasuka nyuma yetu.

"Mama, damu ikishakatika miaka mingi, hairudi kwa kuleta ujana. Kuna kitu ndani kinaitoa. Unahitaji munganga wa kupasua, na huku hayuko. Wale wa hospitali wamekimbia, na njia ya Uvira imefungwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vuka ziwa. Na usikawie."

Alitupatia pamba, akamfundisha namna ya kujifunga, akasimama na kufuata wengine. Sikumwona tena. Mama mukubwa alibaki akinitazama kama vile mimi ndiye niliyesema yale maneno.

Siku iliyofuata tulipata mtumbwi wa injini uliokuwa unapeleka wakimbizi Kigoma. Mwenye chombo alikuwa mtu wa pwani ya ziwa, Mwislamu mpole, lakini alipomwona mama mukubwa anakuja mchangani alivua kofia akaishika mkononi.

"Mama, unisamehe," alisema. "We ni bantu babili, pengine na nusu. Chombo kimejaa."

Waliokuwa wamekaa tayari wakaanza kunong'ona. Mama mmoja mwenye watoto akasema waziwazi, "Akipanda yeye tutazama sote." Hakuna aliyemkemea. Mama mukubwa alisimama maji yakimfika magotini, kikwembe kimelowa, ametazama chini. Nilimsikia akimwambia mwenye chombo, polepole, ili wengine wasisikie, "Mi siko mugonjwa wa kupona huku, mwanangu. Nikibaki nitakufa."

Yule mtu akapanda chombo akashusha magunia ya dagaa wakavu, moja baada ya jingine, na mwenye magunia akilia juu ya mali yake. Tukaingia. Alimkalisha mama mukubwa katikati kabisa, akamwambia asisogee kwa jambo lolote.

Mchana, mahali ambapo kila upande ni maji, upepo ulianza kutoka kusini. Mawimbi yakaingia ndani. Watu wakaanza kuomba, kila mmoja kwa dini yake, na nikaona macho yakimrudilia mama mukubwa, macho yale yale ya kizuizini. Alijua. Aliomba sufuria kwa yule mama aliyemkataa, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje, bila kuinuka pale alipokalishwa, akichota na kumwaga bila kupumzika. Watoto wa yule mama walikuwa wamejibana ubavuni mwake kwa ajili ya joto. Jioni, jua halijazama, tuliona nyumba za ng'ambo.

Hospitalini alipokelewa na daktari mwanamke, Mtanzania, mwenye Kiswahili cha kunyooka kilichotufanya tuone haya na cha kwetu. Alimpima, wakamtoa kipande kidogo ndani ya tumbo la uzazi, kikapelekwa kuangaliwa. Siku zile za kungoja mama mukubwa hakula. Majibu yalipokuja, daktari alivuta kiti akakaa karibu, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Mama, ni saratani. Ni kansa ya tumbo la uzazi. Lakini bado imo ndani, haijatoka nje. Tukiondoa tumbo lote la uzazi, kuna matumaini mazuri."

Mama mukubwa aliuliza swali lake, lile alilolibeba tangu Baraka. "Kwa hiyo mimba hakuna?"

Daktari alinitazama, kisha akamrudia yeye. "Hapana, mama. Haikuwa mimba."

Alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. Baadaye akauliza nani amemfanyia. Nilijua anafikiri nini. Kwetu ugonjwa wa namna hii hauji hivi hivi, una jina la mtu, na alikuwa ameanza kupita katika kichwa chake jirani mmoja mmoja.

"Hakuna mtu aliyekufanyia," daktari alisema. "Nikuambie jambo, lakini usilichukue kama lawama. Mafuta ya mwilini hayakai bure. Mwanamke akishafikia umri wako, mayai yake yanapumzika, lakini mafuta yanaendelea kutengeneza ile nguvu ya kike inayootesha ukuta wa tumbo la uzazi. Unaota, unaota, bila kumwagwa kila mwezi. Mwaka hadi mwaka. Siku moja unaota vibaya. Unene wa kupita kiasi unaongeza hatari ya kansa hii, na ya matiti, na nyingine kadhaa. Si kwamba kila mnene anaugua, na wembamba nao wanaugua. Ila hatari inakua."

"Kwetu mutu munene, banasema amebarikiwa."

"Hata kwetu husema hivyo."

"Basi juu ya nini hakuna aliyetwambia?"

"Hilo ni kosa letu sisi madaktari," alisema.

Usiku ule nilimfikiria mjane wetu na vile visahani vya mukeke, alivyovileta kwa mapenzi, vimefunikwa vizuri. Nilikasirika, na sikupata wa kumkasirikia.

Walimpasua. Nilikaa barazani kwenye benchi la saruji nikiangalia mlango, na kila aliyetoka nilisimama, nikakaa tena. Muuguzi alikuja kuniambia upasuaji umekuwa mrefu kwa sababu ya wingi wa mafuta tumboni, ya kwamba hata usingizi wa dawa ni hatari zaidi kwa mtu wa mwili kama wake. Nilimsikiliza nikiona mdomo wake tu unavyokwenda. Daktari alipotoka hatimaye, alivua kofia ya kitambaa, akasema, "Ameamka. Anakuuliza umekula."

Kidonda kilichelewa kupona. Kilifunguka, kikaoshwa, kikafunguka tena, na kuna asubuhi nilipofika kitandani kwake nikishika pumzi hadi nione kifua kinapanda. Kilipofunga tulipelekwa kambini, tukakaa huko vita ikiwa bado inaendelea nyumbani. Kambini maji yalikuwa mbali na kuni mbali zaidi. Alianza kwa kutembea hadi kwenye hema la jirani. Baadaye alifika kwenye bomba. Alipunguza mafuta kwenye chungu, akalalamika kila siku kwamba sombe bila mawese ni kula majani ya mbuzi, na hakurudi nyuma. Mwili ukapungua taratibu. Kila aliporudi kwa daktari kupimwa nilimngoja njiani, naye alirudi akisema, "Hakuna kintu."

Tuliporudi Baraka, vita imepoa, watu walimwona wakashika midomo. Mjane alimkumbatia, akampapasa mabega, akalia. "Umeisha, dada. Wamekumaliza kule."

"Sikuisha," mama mukubwa alisema. "Nimepona."

Hawakumwamini. Walisema ni ule ugonjwa mwingine, ule usiotajwa. Wateja wengine wakaacha kununua mafuta kwake. Aliumia, nilijua kwa namna alivyoanza kuvaa nguo mbili mbili ili aonekane mpana. Nilimwomba aachane nao. Badala yake, Jumapili moja, ibada ilipokwisha, aliwaomba wabamama wabaki. Mchungaji alidhani ni habari ya kwaya, akatoka na wanaume.

Akasimama mbele yao na vikwembe vyake viwili, akawaambia yote. Alisema damu ikirudi baada ya kukatika, msingoje, msiseme ni ujana, kimbieni kwa munganga. Alisema habari ya mafuta ya mwili, kama alivyoambiwa, kwa Kiswahili chetu. Wengine walicheka kwa haya. Mmoja aliuliza kwa hasira kama anataka wote tukonde kama vijiti, kana kwamba njaa haijatukondesha vya kutosha. Mama mukubwa alisema hapana, njaa nayo si dawa, yeye anasema tu kile kilichompata.

Mimi nami nimenenepa baada ya kuzaa. Napanda kilima cha kanisa nikisimama njiani, watu hunipongeza, na usoni natabasamu. Maneno ya yule daktari huja siku ambazo sikuyaita. Mama mukubwa aliishi miaka mingi, akazikwa kwenye shamba la michikichi, na kansa haikurudi.

Jumapili ile wabamama walitoka mmoja mmoja wakiongea. Mjane alibaki kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatazama sakafu. Mama mukubwa alinipa ishara nifunge mlango, akaenda akakaa karibu yake.

"Damu ilianza lini?" alimuuliza.