Fundi Attoumane na ndege iliyoitwa Mafiga

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane. La, nakosea, sabini na tisa. Sabini na nane Attoumane alikuwa bado anasubu sufuria, anayeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu, uani kwa shemeji yake, mtaa wa Antanimasaja, na siku posta walipomtafuta walimkuta kwenye kibanda chake mwenyewe, mtaa wa Mahabibo. Basi ni sabini na tisa, joto limeanza.

Aliambiwa mama yake, Bi Hadjira, amekufa alfajiri huko Nosy Be. Bi Hadjira alikuwa amehamia kwa dada yake baada ya zile ghasia zilizowafukuza Wakomori wengi wa Mahajanga na kuacha nyumba nyingi bila wenyewe. Atazikwa baada ya alasiri. Attoumane ndiye mtoto wake wa pekee wa kiume. Ni yeye wa kushuka kaburini, ampokee mama yake mikononi, amlaze ubavu wa kulia na kumlegezea mafundo ya sanda. Chombo cha baharini hakikuweza kumfikisha siku ile. Lakini saa sita mchana ilikuwapo Mafiga.

Watu wa Mahabibo ndio walioipa ndege ile jina hilo, kwa sababu injini zake tatu zilikaa nyuma pamoja, moja kulia, moja kushoto, moja katikati juu, kama mawe ya jikoni. Ilikuwa ya kampuni moja ndogo ambayo leo haipo. Mbele walikaa watu watatu: rubani, msaidizi wake, na makanika wa kuangalia injini na mafuta. Makanika huyo alikuwa Saindou, mtoto wa mtaa uleule, aliyesoma Kurani na Attoumane kwenye mkeka mmoja.

Attoumane alitoka kwenye tanuri akaingia kwenye teksi, masizi bado mikononi. Uwanjani wakamwambia ndege imejaa. Akamngoja Saindou chini ya ngazi.

"Saindou, ndugu yangu, mama amekufa. Nikalishe popote."

"Imejaa."

"Si kipo kile kiti cha kukunja nyuma ya rubani? Wewe mwenyewe ulitusimulia."

Saindou, shati jeupe, akamtazama kuanzia kandambili mpaka nywele. Abiria kwenye mstari walikuwa wanasikiliza. Akasema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kikomori ili na wa nyumbani wasikose: "Ndege ya injini tatu haibebi masizi, fundi. Kaoge kwanza."

Wawili watatu wakacheka. Ngazi ikapandishwa.

Bi Hadjira alipokelewa kaburini na watu baki. Na kama hilo halikutosha, baada ya siku mbili Mbaé, mpakiaji wa mizigo uwanjani, akaja kibandani akakaa juu ya gunia la makaa na kusema alichokiona: kile kiti cha kukunja hakikwenda kitupu. Kilibeba kikapu cha Saindou cha kamba wakavu, zawadi ya rafiki zake wa Nosy Be.

Attoumane aliendelea kuvukuta moto. "Kamba wakavu," alisema, kama anayehakikisha. Kisha: "Nitaiona ndege ile ikifa, Mbaé. Na yule nitamwona akishuka ngazi bila shati."

Kuanzia hapo mtu huyu mpole, asiyepiga hata paka, akawa na kazi ya pili. Kila Mbaé alipopita, aliulizwa habari za ndege za injini tatu duniani, kama mwingine anavyoulizia hali ya mgonjwa ambaye hampendi. Mbaé naye alizipata kwa marubani. Mafuta yamepanda, injini ya tatu inakula bure. Kumezuka ndege za injini mbili zinazoruhusiwa kuvuka bahari nzima, na mbele wanakaa watu wawili tu, kazi ya makanika inafanywa na mashine. Kampuni fulani imeuza zake zote. Nyingine zimeng'olewa viti, zinabeba vifurushi na maua.

"Maua," Attoumane alisema siku ile, na mkewe Koulsoum anasema hajapata kumwona akila vizuri vile.

"Umeoa ndege au umenioa mimi?" Koulsoum alimwuliza.

"Ndege simwoi. Ninangoja matanga yake."

Mwaka wa themanini na tisa kampuni ile ndogo ilikufa. Mafiga ikasukumwa kwenye kona ya uwanja, ikanyofolewa injini, ikabaki na matundu matatu ambayo popo waliyafurahia. Saindou akarudi mjini na cheti cha kazi ambayo haipo tena popote. Akapanga chumba Antanimasaja, akatengeneza feni na redio. Attoumane alipita mbele ya mlango wake kila Ijumaa, taratibu, akitoa salamu kwa sauti, aonekane na kanzu yake safi. Hiyo ilikuwa njia ndefu kuliko ya kawaida. Hakujali.

Kitu kimoja tu kilimharibia raha. Alikwenda Nosy Be kusafisha kaburi la mama yake, na uwanjani akaona ndege ndogo nyeupe, inang'aa kama yai, na nyuma yake injini tatu. Akamwuliza dereva wa teksi.

"Hizo za matajiri, baba. Bado zinatengenezwa. Abiria kama mimi na wewe ndio hatuna tena ya tatu."

Attoumane aligeuka kuitazama mpaka ikapotea, kama mtu aliyeua nyoka akaona mkia unatikisika.

Mwaka wa elfu mbili na tatu uwanja ulitangaza kuuza gamba la Mafiga kama chuma chakavu. Attoumane akauza kiwanja chake cha Katsepy, akalinunua. Kisha akampelekea Saindou salamu: natafuta mtu wa kuikata, anayeijua.

Saindou alikuja. Alikuwa amekonda, na alikuja na msumeno wake mwenyewe. Mafundi sufuria wote wa Mahabibo walikuwa wamekuja kutazama, maana Attoumane aliwaalika.

"Anza na mkia," Attoumane akamwambia mbele yao. "Pale kwenye ile ya katikati."

Saindou akapanda. Alikata mpaka adhuhuri. Aliposhuka, mikono na uso vyeusi, Attoumane alikuwa na lake tayari: "Loo, makanika. Kumbe masizi yanapanda ndege?"

Watu walicheka sana. Saindou alinawa, akasema kwa upole: "Ngozi hii ya ndege usiisubu peke yake, fundi. Ina shaba ndani, itakupasukia. Chukua makasha ya pampu na ya gia, nitakuonyesha."

"Wewe kata. Kusubu niachie mimi."

Akasubu sufuria arobaini kwa ngozi tupu ya ndege, maana alitaka kila jiko la Mahabibo lipikie Mafiga. Zilitoka nzuri, nyeupe. Baada ya wiki wanawake walianza kuzirudisha. Kila moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na mchuzi umezima moto.

"Fundi, ndege yako inavuja," walimwambia sokoni, na safari hii aliyechekwa alikuwa yeye.

Ikabidi aende Antanimasaja mwenyewe. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Njoo unionyeshe hayo makasha." Saindou akavaa viatu.

Walifanya kazi siku tatu, wazee wawili ndani ya gamba lenye joto. Saindou aligonga kwa kidole na kusema, hili ndilo, hili silo. Attoumane aliuliza, ili amchome, kama ndege hizi zitarudi.

"Hazitarudi," Saindou akajibu. "Injini ya tatu waliiweka kwa hofu ya bahari. Hofu ikishaisha, mtu anaanza kuona mafuta tu."

Siku ya tatu walifika mbele, chumba cha rubani. Kiti cha kukunja kilikuwapo, kimebanwa ukutani. Attoumane alikuwa na maneno ya miaka ishirini na minne, aliyoyapanga mbele ya moto: atalitaja kaburi, atawataja kamba, atasema mpaka yule alie. Akakifungua kiti. Kilikuwa chembamba, kitambaa kimeliwa na panya. Akakikalia. Saindou alisimama na bisibisi mkononi, akiangalia sakafu.

Maneno yote yakampotea Attoumane. Lililotoka ni swali moja, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Saindou aliendelea kufungua skrubu za ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka jioni. Masika yaliyofuata alikufa. Attoumane akamwuliza mjane wa Saindou, Echata, swali lilelile, naye akatikisa kichwa, hajui. Ni hili aliloliuliza akiwa juu ya kiti kile:

"Nilikukosea nini, Saindou?"