Nukta Zilizohamia Juu

Mimi ni Mmatengo wa Kigonsera, mtu wa kahawa na baridi, nikapangiwa maabara ya kituo cha afya ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wenyeji walinitania kwamba nitakonda kwa kuogopa miiba ya samaki. Sikukonda, na ubishi wangu niliteremka nao wote.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nilipima damu ya majaribio, ambayo jibu lake tunalijua tangu inapotoka kiwandani, kisha nikatia nukta kwenye grafu ya ukutani. Mambo yakiwa sawa, nukta hutawanyika, nyingine juu ya mstari wa katikati, nyingine chini. Wiki ile zote zilikaa juu. Hakuna iliyovuka mpaka, lakini zilihamia upande mmoja kama watu waliofuata kivuli.

Ijumaa akaletwa mama mjamzito, anahema hata akiwa amekaa. Mashine ikasema wingi wa damu yake unatosha. Nikatazama viganja vyake, vyeupe pe. Nikakataa kutoa majibu.

Mganga mfawidhi alinijia juu. "Nukta zako si zipo ndani ya mpaka? Mpe majibu aende zake."

"Zipo ndani, daktari, lakini zote zimeegemea juu. Tunawaongezea watu damu ambayo hawana."

"Dada, tumetoka mbali," mume wa yule mama akaning'akia. "Unatuweka hapa kwa sababu ya nukta?"

Iliniuma. Sikutikisika.

Nilikagua mashine, taa yake, vichupa, vyote vizima. Ikabaki dawa ya kupimia, na anayeichanganya ni mama mhudumu.

"Shikamoo mama. Maji ya kuchanganyia unayatoa wapi siku hizi?"

"Marahaba mwanangu. Yale ya madumu yaliisha. Nimechota ya ziwa, nikayachemsha, nikayachuja. Hakuna maji safi kama haya, ninyi wa milimani hamjui tu."

Kwa kunywa, kweli kabisa. Kwa dawa ile, hapana: chumvi zake ziliitia ukungu ambao jicho halikuuona, na mashine ikauhesabu kuwa damu.

Nikapiga simu maabara ya Mbinga, kule milimani. Basi la mchana likateremka na dumu la maji ya maabara, nikachanganya dawa upya. Nukta ikarudi kwenye mstari. Nikampima tena yule mjamzito, damu yake ikasoma chini mno. Mganga mfawidhi aliyasoma majibu mara moja tu, akaenda mwenyewe kuita gari la wagonjwa. Jioni ile mama yule alikuwa anaongezewa damu hospitalini. Mimi nikaanza kuwatafuta wote tuliowapima wiki ile, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Miezi baadaye mume yule alirudi na mkewe, na kichanga chenye homa. Nilipokishika kidole nikitoboe, baba akakifunika kwa kiganja chake.

"Ngoja kwanza, dada. Ile damu yenu mmeshaipima leo?"

Nikamwonyesha nukta ya asubuhi. Akaitazama vizuri, ndipo akaniachia kidole cha mwanawe.