Mzee Aliyeificha Orodha Ndani ya Mabati

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Christella Lotsove amefungua mlango wa bati wa kibanda anachofanyia kazi, karibu na soko kuu la Bunia. Hapo watu wanapigiwa barua kwa mashini, yaani kompyuta, na kutolewa fotokopi. Mashini hajaigusa bado. Amekaa na daftari mapajani, anasoma kwa kidole toka juu hadi chini, kisha anaanza tena.

"Kumi na moja," anasema. "Kumi na moja tu. Roho yangu haikubali."

Ni majina ya faili. Wateja wanaleta kle zao, vile vijiti vya kubebea faili, wamezichomeka kila mahali, na virusi vinaingia nazo. Ikifika Jumamosi mashini inatembea kama mgonjwa. Dawa ya Christella ni ile ambayo yeye na wateja wanaiita imaji: nakala nzima ya mashini, iliyochukuliwa siku ilipokuwa safi. Kila Jumatatu anairudisha, na mashini inakuwa kama siku ile. Virusi vinafutika. Na kazi za watu nazo zinafutika, isipokuwa zile alizozitoa kwanza na kuziweka pembeni kwenye diski ndogo.

Ndiyo sababu ya daftari. Mwenye faili anaandika mwenyewe, kwa mkono wake. Kilichoandikwa kinaokolewa.

Leo kuna shida zaidi. Jumamosi umeme ulikatika ghafla, na tangu hapo mashini haiamki. Inaonyesha mistari miwili myeupe, inazima. Lazima imaji irudishwe, hakuna njia nyingine. Lakini Christella anakumbuka mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale kwenye kona umeme ulipokatika, skrini ameigeuzia ukutani kama kawaida yake. Jina la mzee huyo haliko kwenye daftari.

Mzee ni Gustave Ngabu, miaka sitini na mitatu, katekista wa kikanisa kimoja upande wa Bule. Kikanisa kiliungua, na kitabu cha ubatizo kikaungua nacho. Kwa miezi kumi na minne amezunguka kambi za waliokimbia, akiwauliza watu walibatizwa lini na msimamizi wao ni nani. Kila Jumamosi anatembea kwa miguu mpaka kibandani kuyaandika majina yao. Padri akiipata orodha hiyo atatia sahihi karatasi za ubatizo. Na karatasi hizo zinangojwa: keshokutwa Jumatano, shule wanakosoma watoto wa kambi inafunga majina ya mtihani wa darasa la sita. Mtoto asiye na karatasi yoyote atabaki.

Hayo Christella hayajui bado; anajua tu jina la mzee na kwamba ni mtu wa kanisa. Mzee hajamwambia mtu. Orodha ya majina ya watu, na vijiji vyao pembeni, si kitu cha kuachwa ovyo katika Ituri hii ya vita, ambapo mtu anaweza kuuawa kwa sababu ya kijiji alikotoka.

Christella anajaribu simu ya mzee. Imezimwa.

Ana miaka thelathini na sita, watoto wanne, na mshahara wa dola themanini kwa mwezi. Ameifanya kazi hii miaka tisa. Anasema mwaka wa pili alifuata daftari bila kuangalia, akafuta picha za mume wa mama mmoja, Marcelline, zilizoletwa kukuzwa kwa ajili ya matanga. Mama yule hajui kuandika, na hakuna aliyemwandikia.

"Hakunitukana," anasema Christella. "Aliuliza tu: sasa nitamukumbuka na nini? Tangu ile siku niko naangalia mara mbili."

Saa mbili na robo anaingia Roger, mwenye kibanda.

"Ya Christella, watu wako nje. Saa tatu nataka mashini itembee."

"Patroni, iko faili ya muzee mumoja. Siioni mu kaye." Anamwonyesha daftari.

"Kama haiko mu kaye, haiko. Si weye ulisema?"

"Nilisema."

"Basi?"

Christella anachomeka kle ya kuamshia, ile inayofungua tumbo la mashini bila kuiwasha yenyewe. Kwa njia hiyo anaona majina ya faili, uzito wake na saa ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Kuzifungua hawezi. Kuzichukua zote hawezi pia, diski ndogo imekaribia kujaa, na akizoa yote anazoa na virusi.

Anatoa zile kumi na moja, moja baada ya nyingine. Mashini inakwaruza. Mlangoni, msichana wa saluni aitwaye Vicky, anayengoja fotokopi, anacheka.

"Mama, uko nasali ao uko natengeneza?"

"Vyote mbili. Ngojea."

Anatafuta neno *kanisa*. Hakuna. Anatafuta *Gustave*. Hakuna. Zimebaki faili za mafundi, maana waashi na maseremala wote hupigia hesabu zao hapa. Faili tisa zinaitwa "Devis", yaani makadirio ya bei. Nane ni nyepesi, karatasi moja kila moja. Ya tisa, "Devis ya mabati", ina uzito mara kumi ya wenzake. Imehifadhiwa Jumamosi, saa nane na dakika kumi.

"Ni mabati ya nyumba gani hii?" anajiuliza kwa sauti ndogo.

Anaichukua. Kisha anafanya ishara ya msalaba na kubonyeza. Imaji inaanza kurudi. Toka hapo hakuna kugeuka nyuma.

Inapofika asilimia sitini, mzee Gustave anaingia, viatu mkononi, miguu ina matope. Anaona mstari unaosonga kwenye skrini. Anashika ukuta.

"Mama, umeshafuta?"

"Papa, kaa kwanza. Faili yako iko na jina gani?"

Mzee anamtazama Roger, anamtazama Vicky. Anakuja mpaka sikioni mwa Christella.

"Devis ya mabati," ananong'ona.

Christella anafumba macho. "Iko kwangu."

Hapo ndipo mzee anapomweleza. Kila Jumamosi alikuwa akiikata faili toka kwenye kle, anaiweka ndani ya mashini, anafanya kazi, kisha anairudisha kwenye kle bila kuacha hata alama. Hakutaka iwe mahali pawili. Mahali pawili, kwake, ni hatari mbili. Umeme ulikatika faili ikiwa upande wa mashini, na kle mfukoni ilikuwa tupu. Kuandika kwenye daftari aliogopa.

"Kila mutu anasoma ile kaye yako," anasema.

Saa tatu na dakika ishirini mashini inaamka, safi. Christella anapima faili kwa dawa ya virusi, anaifungua, anageuka asitazame. Mzee anasogeza kurasa taratibu. Majina mia nne na kumi na mawili. Halafu anasimamisha kidole.

"Mama. Batoto ba mwisho habako."

Umeme ulikatika saa kumi kasorobo. Aliyoyaandika baada ya saa nane na dakika kumi hayakuhifadhiwa. Majina kumi na tisa, karibu yote ya watoto wa darasa la sita. Na karatasi aliyokuwa akinakili aliichoma jioni ileile, kama desturi yake, akidhani yote yamo ndani ya mashini.

Roger, aliyekuwa akinung'unika, anawasogeza wateja nyuma mlangoni. "Akae," anasema. "Fotokopi zitangoja."

Christella ana mpango. Anaweka akiba anunue diski ya pili, kila mteja awe na sehemu yake yenye neno la siri analolijua mwenyewe. Daftari libaki na namba tu, bila majina. "Mutu asichague kati ya kuogopa na kupoteza," anasema. Anataka pia mzee Gustave akubali nakala mbili, moja ikae kwa padri. Mzee amesema atafikiri.

Kwa sasa ameigeuzia skrini ukutani na anaandika kutoka kichwani. Amekumbuka kumi na moja. Wanane waliobaki itabidi akawaulize tena kambini, na Jumatano ni keshokutwa. Kila baada ya jina moja anabonyeza kuhifadhi, kama alivyoonyeshwa.

Christella amesimama nyuma yake, mgongo kwa skrini, uso mlangoni, mtu yeyote asione.