Mzee Aliyeniinamishia Kichwa

Kama unataka kucheka, cheka sasa. Mimi pia nilicheka. Lakini haya hayakumpata rafiki wa rafiki, yalinipata mimi.

Naishi Kitengela na mke wangu na binti yetu mdogo, Neema. Jumamosi moja rafiki yangu Lemayian alinipeleka kijijini kwao, ng'ambo ya Kajiado, kununua mbuzi. Njiani kuna rundo la mawe. Wanasema chini yake kuna hazina ya mzee wa zamani, na kila mpita njia huongeza jiwe. Lemayian akaweka lake.

"Mmewahi kuiona hiyo hazina?" nikamuuliza.

"Hatuiangaliangi. Weka jiwe twende, bwana."

Lakini mimi na ujuaji wangu! Alipotangulia zizini, nilibaki nikipangua mawe mpaka chini. Kulikuwa na nini? Udongo mkavu, basi. Nikacheka kwa sauti.

Kuinua macho, mzee mwenye mvi tupu amesimama mbele yangu na shuka lililopauka. Akainamisha kichwa, vile watoto wa Kimaasai huwainamishia wakubwa waguswe utosini. Mzee mzima! Nilidhani ananitania, nikamgusa. Niamini, jua lilikuwa linachoma, lakini utosi ule ulikuwa baridi kama jiwe la alfajiri.

"Sasa mkubwa ni wewe," akasema. "Mimi nimechoka kuchunga."

Akaondoka akitembea kama kijana. Punde Lemayian akarudi kunitafuta.

"Sopa, mzee," akanisalimu kwa Kimaasai. "Umeona rafiki yangu hapa?"

Nilipomjibu akaitambua sauti yangu, na machozi yakamtoka. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imekunjamana.

Mke wangu naye alinijua kwa sauti. Neema hakunijua. Alijificha nyuma ya mamake, kisha akachungulia na kusema, "Shikamoo, babu." Sijafika hata miaka arobaini.

Mawe nimeyarudisha yote na kuongeza mengine, mpaka mgongo ukakataa. Hakuna kilichobadilika. Najuta, jamani, najuta kila siku. Juzi Neema aliniuliza baba yake atarudi lini. Nilimwambia yuko safarini.

Wewe ukipita pale, usiamini hazina ukitaka. Hata mimi sikuiona. Lakini weka jiwe lako uende. Na mzee akikuinamishia kichwa, tafadhali, ficha mikono yako.