Diski za Mbele

Mume wangu alienda Kinshasa kwa kazi ya miezi mitatu. Halafu vita vikafunga uwanja wetu wa ndege wa Kavumu, na ile miezi mitatu sasa imepita mwaka. Aliniachia pikapu na maagizo mengi kuliko ya daktari. La kwanza lilikuwa hili: freni zikiwa za moto, usizimwagie maji.

Nami nikafanya hilo hilo. Nilikuwa nimeteremka kutoka Nyangezi hadi Kamanyola kuchukua mchele, mguu juu ya freni karibu njia nzima, na nilipofika chini magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka kuungua. Waosha magari wakaja na ndoo. Madereva wote pale humwagia, basi nami nikasema mwageni. Mvuke ukapanda, chuma kikalia, na mimi nikajiona mwerevu.

Tangu kesho yake, kila nikikanyaga freni, usukani ulinitetemesha mpaka kwenye viwiko. Jumapili, baada ya misa, nikampigia simu. Simu zetu zilikuwa zimekauka: watoto wazima, mvua imenyesha, haya, Mungu akulinde. Siku hiyo alichangamka.

"Inatetemeka ukitembea tu, ao ukikanyaga freni?"

"Nikikanyaga."

"Unasikia mu kiti ao mu volan?"

"Mu volan," nikasema, maana usukani ndio ulionitetemesha.

"Basi ni diski za freni za mbele, zimepinda. Maman, ulimwanga maji?"

Nikamuuliza kama huko kwao mvua imenyesha.

"Ulimwanga," akasema, akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu aondoke. Nilimtamani.

Basi kila Jumapili tukawa na la kuongea. Mimi, mama mzima mwenye kiti chake ofisini, nikawa nakanyaga freni kwa makusudi ili nipate habari za kumpelekea. Nilifanya upumbavu huo kwa majuma mengi. Halafu siku moja, kwenye mteremko, watoto wakiwa ndani, usukani ulitetemeka karibu unitoke mikononi. Nikaogopa sana. Siku hiyo hiyo nikalipeleka gari kwa mekanisiani, akafunga diski mpya mbili. Nilipolijaribu likasimama bila kutetemeka hata kidogo, nami nikabaki mle ndani nikilia.

Jumapili akauliza, "Freni iko namna gani?"

"Ingali inatetemeka," nikasema.

"Usipeleke kwa mekanisiani, watakuharibia. Uiache. Nitakuja kuitengeneza mi mwenyewe."

"Utakuja lini, papa?"

Nikasikia magari ya Kinshasa yakipita nyuma yake.

"Uiache tu, maman."

Nikamwambia sawa, nakungoja. Zile diski zilizopinda sijazitupa. Nimezifunga kwenye gunia, ziko chini ya kitanda, upande anaolala yeye. Siku atakaponiambia yuko njiani, nitampelekea mekanisiani azirudishe garini.