Okidi Iliyosusa

Mtaani walimwita Sponji, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba mama yake alimpa jina jingine. Alikuwa fundi wa makochi. Mpelekee kochi lililokufa, springi zinachoma makalio, kitambaa kimeliwa na panya, naye atakurudishia kitu ambacho mgeni akishakikalia haagi. Lakini nyumbani kwake, jamani, makochi yalikuwa yamechanika hadi aibu. Mganga hajigangi, na fundi makochi hukalia matambara.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa sauti ya chini na jicho linaloona hadi nyuma ya mlango. Watoto wao walishakuwa na miji yao, nyumba ikabaki ya wawili, na walikuwa wakikaa vizuri tu, wakitaniana, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwa kukoroma. Ubaya ulikuja na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha marehemu mama mkwe: kifupi, cha mbao nyekundu, springi zimelegea. Mwalimu ndiye aliyemkabidhi mumewe akitengeneze. "Taratibu, baba watoto," alimwambia. "Hicho ndicho nilichobaki nacho." Sponji akakipeleka karakanani, akakiweka pembeni, kazi zikamzonga. Siku hizohizo akaja mteja na viti vitatu vinavyofanana nacho, anahama mji, ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Sasa mjue huyo Sponji: akishashika mkasi haangalii mbele wala nyuma. Kila kiti kilichokuwa mbele yake alikivalisha kitambaa cha kijani, na kitambaa kikishavishwa hata yeye hajui kipi kilikuwa cha nani. Vikapakiwa, gari likaondoka. Viti vitatu viliingia, vinne vikatoka! Namba ya yule mteja ikawa haipatikani, na haipatikani hadi leo.

Mwalimu alipoambiwa hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema "Sawa" moja tu, ndogo, akaendelea kukunja nguo. Tangu hapo chai ilipikwa, salamu zilijibiwa, lakini mazungumzo, wapi! Mume akageuka kuitwa "Fundi", kama wateja wanavyomwita. Mama alikuwa amesusa. Na mtu mzima akisusa si sawa na mtoto, maana mtoto njaa itamrudisha mezani.

Sponji si mtu wa maneno. Mkono wake unajua kusema, mdomo wake haujui. Basi akaenda kwa muuza maua wa kona ya hospitali, akarudi na okidi: maua meupe yenye koo la zambarau, yamepangana kwenye shina moja lililoinama. Mwalimu alipoiona, uso ukamfunguka. "Nzuri," alisema, akaiweka katikati ya meza. Maua yalikaa muda mrefu, na muda wote huo nyumba ilikuwa na maongezi. Sponji akapiga miluzi njiani. Moyoni akajisemea: yamekwisha.

Kumbe bado. Maua yalianza kudondoka moja moja, na lilipodondoka la mwisho Mwalimu aliliokota, akalishika kidogo kiganjani, akarudi kwenye "sawa" zake. Ndipo wazo likamwingia fundi wetu na kugoma kutoka: okidi ikichanua tena, na mke wangu atachanua. Msimcheke. Alimpenda mkewe, alikuwa anaogopa, na wazo jingine hakuwa nalo.

Vituko vikaanza. Kwanza maji: asubuhi kikombe, jioni kikombe, kama dozi. Kisha akachungulia ndani ya chungu akakuta vipande vya magome ya mti tu. "Ala! Wamenipunja, hata udongo hawakuweka!" Akayamwaga magome yote, na mahali pake akashindilia kile anachokiamini kuliko vyote duniani. Sponji. Aliikata vipande vidogo vidogo kwa mkasi wake wa kazi, akaizungushia mizizi, akailowesha mpaka ikawa inatoa maji ukiibonyeza. Akasimama nyuma kuitazama, ameridhika kweli.

Baada ya muda kikajitokeza kitu pembeni ya jani, kijani, chenye ncha inayong'aa. Akachukua ile sindano ndefu ya kushonea makochi, akaichomeka kwenye chungu, akakifunga kile kitu wima kwa uzi.

"Mwalimu! Njoo uone! Shina la ua hilo!"

Mwalimu akaja, akainama, akaangalia kwa makini. Midomo ilimcheza kidogo. "Hongera, Fundi," alisema, akarudi jikoni. Lile shina la ua likakua, likajipinda, likaiacha sindano na kuelekea chini ya meza. Majani yakaanza kuwa ya manjano.

Ikabidi Sponji ajikaze kisabuni, arudi kwa muuza maua, chungu kimefunikwa kwa gazeti kama mzigo wa aibu. Dada wa watu akafunua.

"Baba yangu, nani kaufunga mzizi?"

"Mzizi?"

"Huu ni mzizi, baba. Na hii humu ndani ni nini?"

"Sponji."

"Sponji ya nini?"

"Ya kukalia."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alimweleza kwa upole kwamba mmea huo kwao hukaa juu ya miti, mizizi inapigwa na upepo, na yeye ameulaza kwenye godoro lililoloa. Akaikata mizizi iliyooza, akaupanda upya kwenye magome. "Maji mpaka ukauke kwanza. Mwanga wa dirishani, si jua kali. Na usiku upate baridi kidogo, ndipo utakumbuka kuchanua."

"Baridi?" Sponji aliruka. "Mgonjwa nimtoe nje kwenye baridi?"

"Hauumwi, baba. Umesusa tu."

Alirudi nyumbani amenuna. Mtu mkaidi akishauriwa hushika nusu, na nusu ya Sponji ilikuwa maji na mwanga. Habari ya baridi aliiona utoto. Msimu wenyewe ulikuwa wa baridi, asubuhi ukipumua unaona pumzi yako, kwa hiyo kila jioni aliufunika mmea kwa kipande cha mahameli kilichobaki kazini, akaupapasa kidogo, akaenda kulala. Mwalimu alikuwa akimtazama tu.

Majani yakarudisha kijani chake. Likaongezeka jipya. Ua, hakuna.

Siku moja Sponji alitakiwa kupeleka viti hotelini mapema, akaamka kabla ya mwanga. Alipopita sebuleni akakuta mahameli imekunjwa vizuri juu ya meza. Chungu hakipo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, akatoka mbio na tairi ya baiskeli mkononi, maana ndiyo aliyoikuta njiani, na nje hapo akamkuta mwizi mwenyewe: mkewe, ndani ya sweta mbili, ameinua chungu kutoka kwenye ukuta mfupi wa uani.

"Unafanya nini?"

"Naurudisha ndani. Na wewe na tairi, unakwenda wapi?"

"Huwa unautoa?"

"Kila siku ukishalala. Kwa mkoromo ule hata nikihamisha paa hujui."

"Nani alikwambia?"

"Dada wa maua. Nilikwenda kumuuliza, siku ile uliyorudi umevimba." Akamsogezea chungu. "Hebu tazama hapa, lakini usishike."

Katikati ya majani mawili kulikuwa na kitu kidogo, kimebanwa, ncha yake bapa kama kidole gumba cha glavu ya mtoto.

"Mzizi?" Sponji aliuliza kwa woga.

"Mzizi una ncha ya mviringo. Hili ni shina la ua, baba watoto." Kisha akatetemeka. "Pokea basi, mikono imekufa ganzi."

Alikwenda hotelini akiimba. Mtu asiyekutaka haamki kwenye baridi kwa ajili ya ua lako, hilo hata yeye alilielewa. Tangu siku hiyo wakagawana kazi: mke anautoa, mume anaurudisha. Wakawa na la kuzungumza tena: shina limefika hapa, limeota kifundo, kifundo kimevimba. Walicheka tena, hata wakabishana tena. Lakini la kiti halikutajwa, na kila lilipokaribia, Sponji alikohoa na kuulizia okidi.

Ua la kwanza lilifunguka siku ya mapumziko. Sponji akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akamvutia mkewe kochi lililochanika kidogo kuliko mengine. Wakakaa wakalitazama. Lilikuwa zuri kweli, jeupe kama siku ile ya kwanza.

"Limechanua," akasema Sponji.

"Limechanua."

"Kwa hiyo... yamekwisha?"

Mwalimu akageuka. "Yapi?"

"Si yale."

"Yale yapi?"

Sponji akakohoa. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye chungu, na mkewe akaushika ule mkono, akaurudisha gotini.

"Chekechea kwangu," alisema taratibu, "mtoto akimuumiza mwenzake huja na pipi. Anamsukumia mkononi, anataka waendelee kucheza. Mimi namwambia: pipi iweke chini kwanza, baba. Halafu sema. Wewe umeniletea ua, nami nimelipenda, nimelitoa baridini kila usiku ili usiaibike. Lakini mpaka leo hujasema."

Sponji alirudi nyuma kwa mawazo, siku ya gari, siku ya okidi, miezi yote hiyo. Ni kweli. Alikuwa amesema gari lilikuwa na haraka. Alikuwa amesema viti vilifanana. Lile neno lenyewe hakuwahi kulisema, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Uliniambia ndicho ulichobaki nacho. Nilikusikia. Nikakiweka pembeni kama kazi ya mtu yeyote. Nimekipoteza kiti cha mama yako, na mimi ndiye niliyekipoteza, si mteja."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, kisha machozi yakamtoka, yale ambayo Sponji alikuwa akiyasubiri na kuyaogopa tangu mwanzo. Alilia kwa sauti. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa gauni, akaanza kumsimulia mumewe jinsi mama yake alivyokuwa akikikalia kile kiti mlangoni akimsuka nywele, amembana kichwa kwa magoti, na akigeuka anagongwa na kitana. Miaka yote ya ndoa yao Sponji hakuwahi kulisikia hilo. Akauliza mama alikuwa akimsuka mtindo gani, naye akamwambia, na chai ikapoa mezani hakuna aliyeikumbuka.