Kichwa Kilichokwama Mlangoni kwa Cila

Ginter wa kiwanda cha matofali ni mwoga wa wanawake, nimesema na sirudishi neno. Miaka tisa anampenda Cila, mjane wa jirani, na miaka tisa hajamwambia lolote. Siku yake ni moja tu, Jumamosi ya kabla ya Kwaresima, tunapomzungusha dubu, yaani mtu aliyevikwa mabua, nyumba kwa nyumba acheze na kila mama, kaya ipate baraka. Dubu wetu ni Ginter. Akishavaa yale mabua anamshika Cila kiuno bila wasiwasi. Akiyavua, hata salamu inamshinda.

Mwaka huu wakubwa wa zimamoto, ndio waandaaji wa msafara na akili zao wanazijua wenyewe, wakaamua dubu apumzike. Shimo letu la udongo limetoa mifupa ya mnyama mmoja wa kale, si chura si mamba, kichwa bapa kama kifuniko cha choo. Basi atembezwe yeye. Wakaunda kichwa cha karatasi na gundi, upana mita moja na nusu. Nikawauliza, milango mmeipima? Wakaniambia niache ubishi.

Haya. Ginter akakivaa, na hakuna mlango uliompitisha. Akina mama wakatoka kucheza uani kwenye theluji, wanacheka hadi machozi. Lakini Cila alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta, ngazi hashuki. Na kichwa hakivuliwi. Mnyama haonyeshi uso mpaka ahukumiwe jioni. Ginter akajipinda, akasukuma, akakwama. Tukamvuta mkia, tukabaki nao mikononi.

Cila alikuwa ameketi ndani na sahani ya kreple, maandazi ya sikukuu, mapajani. "Ginter, vua hicho kidude uingie."

"Ginter hayupo," kichwa kikajibu. "Mimi mnyama wa shimoni."

"Mnyama wa shimoni kavaa soksi nilizomfumia Ginter? Miaka tisa nacheza na mabua, mzee. Nimechoka."

Kisha Ginter akachomoka chini ya kichwa, nywele zimejaa gundi, akaingia akitambaa. Akacheza akikizunguka kiti cha Cila. Vibaya mno, maskini.

Jioni mnyama hubebeshwa dhambi za kijiji kizima, halafu hupigwa risasi za uongo. Hakimu ni mimi. Nikatuma mtu amwite Ginter. Akajibu kupitia dirisha la Cila kwamba ana shughuli. Basi tukakisomea mashtaka kichwa kitupu, pale pale mlangoni, na ndani tunasikia watu wawili wakicheka. Nilisoma dhambi zote isipokuwa uoga wa Ginter, ambao kila mwaka huusoma wa kwanza.